Mimea ya Tangi Haikuwa Mapambo: Historia Iliyonigharimu Vifaranga 31

Wasee, kabla hujaosha tangi lako la samaki wikendi hii, soma hii yote. Ni ndefu, najua. Weka chai kwa jiko kwanza.

Mwaka jana mwezi wa tatu gapi wangu wa kwanza alizaa. Kama hujui gapi, ni yule samaki mdogo mwenye mkia wa rangi rangi, na hatagi mayai. Anazaa watoto wakiwa hai, wanaogelea hapo hapo. Nilikuwa nimekaa mbele ya tangi usiku, simu mkononi, nikirekodi. Nilihesabu vifaranga 34. Nikapiga hesabu nyingine pia: nikiwauza mia mia wakikua, hiyo ni 3,400. Nilikuwa nimeacha chuo miezi minne kabla, na nyumbani nilikuwa nimewaapia kwamba hii kitu ya samaki italipa nyumba. Nililala nikiwa bosi.

Asubuhi walikuwa watatu.

Hakukuwa na mzoga hata mmoja. Nilitafuta nyuma ya filta, nikatafuta kwa changarawe, nikaangalia hata sakafuni. Halafu nikamwangalia mama yao na shangazi zao wawili wanavyoelea polepole, tumbo mviringo. Walikuwa wameshiba.

Sasa ukiuliza watu, wengi watakwambia gapi ni samaki wakatili, wanakula watoto wao. Ni kweli wanakula. Lakini mimi nasema kosa lilikuwa langu. Tangi langu lilikuwa linang'aa kama mlango wa benki: changarawe nyeupe, pampu, filta, na mti mmoja wa plastiki wa rangi ya zambarau. Aliyeniuzia hilo tangi alinipa na majani hai, furushi zima. Niliyang'oa yote wiki ya kwanza juu kwa video yalifanya maji yaonekane machafu. Niliwatoa watoto nyumba yao kabla hawajazaliwa.

Tangu hiyo siku nimesoma sana kuhusu hii mambo, kuliko nilivyosoma chochote darasani. Na nikagundua si mimi peke yangu niliyeng'oa. Kuna historia nzima ya watu kuweka mimea kwa maji, kusahau kwa nini waliiweka, halafu kuitoa. Wacha niwapeleke polepole.

Tuanzie China. Wachina ndio waliofuga samaki wa dhahabu. Enzi ya Song, miaka elfu moja hivi iliyopita, walikuwa wanawatunza kwa vidimbwi, na kufikia enzi ya Ming watu walikuwa wanawaweka nyumbani kwa mitungi mikubwa ya udongo. Mwaka 1596 jamaa anaitwa Zhang Qiande aliandika kitabu kizima kuhusu hawa samaki. Fikiria, kitabu cha samaki wa nyumbani, karibu wakati ule ule Wareno wanajenga Fort Jesus hapo Mombasa.

Samaki wa dhahabu hutaga mayai yanayonata. Jike anapita kwenye majani ya majini, dume anamfuata, mayai yanashika kwa majani kama chenga za mchele kwa sufuria. Halafu hao hao wazazi wanarudi kuyala. Kwa hivyo wafugaji wa China walikuwa na mbinu rahisi: weka majani kwa mtungi msimu wa kutaga ukifika, ngoja mayai yashike, kisha toa majani pamoja na mayai uyahamishe kwa chombo kingine chenye maji ya kina kifupi, mahali jua linafika. Watoto wanaanguliwa huko, mbali na mdomo wa mama.

Ona kitu hapo. Hakuna mtu wakati huo alijua oksijeni ni nini. Mmea uliingia kwa mtungi kwa sababu ya watoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza, na waliijua kwa kuangalia tu.

Sasa twende Uingereza, na huko stori inachukua njia nyingine kabisa, kwa sababu wao walianza na hewa.

Agosti 1771, mhubiri na mwanasayansi anaitwa Joseph Priestley alichukua hewa ambayo mshumaa ulikuwa umewaka ndani yake hadi ukazima. Akaweka tawi la mnanaa ndani ya hiyo hewa, akaliacha siku kumi. Aliporudi, mshumaa mwingine uliweza kuwaka ndani ya hewa ile ile. Mmea ulikuwa umeirekebisha. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, akaongeza kitu cha maana sana: mimea hufanya hiyo kazi ikipata mwanga tu. Usiku nayo inachafua hewa kama sisi. Hii ya usiku ikae akilini, nitairudia.

Miaka 50 baadaye kuna daktari London, upande wa mashariki ambako kulikuwa na viwanda na moshi, anaitwa Nathaniel Ward. Alipenda feni lakini moshi wa makaa uliziua zote. Mwaka 1829 alifukia buu la nondo kwa udongo ndani ya chupa iliyofunikwa, akitaka kuona likigeuka. Badala yake akaona feni na nyasi zimeota humo ndani, na zinaendelea vizuri bila kumwagiliwa. Hapo ndipo yalitoka masanduku ya kioo ya kusafirishia mimea kwa meli. Na 1845 serikali ya Uingereza ikafuta kodi ya kioo, kwa hivyo kioo kikashuka bei.

Sasa kioo kipo, na elimu ya hewa ipo. Aliyeunganisha hizo mbili ni mkemia anaitwa Robert Warington. Mwaka 1849 alichukua chombo cha kioo cha galoni 12, karibu lita 54, akaweka samaki wawili wa dhahabu, mchanga, mawe, na mmea mmoja unaoitwa Vallisneria, ule wenye majani marefu kama utepe. Wazo lake: samaki anatoa uchafu na hewa chafu, mmea unakula huo uchafu na kurudisha hewa safi. Shida ikatokea. Majani yaliyozeeka yalioza, maji yakawa na utusitusi. Akaongeza konokono. Konokono wakala majani yaliyooza, wakataga mayai, na samaki wakala vikonokono vichanga. Mzunguko ukakamilika, na hakuwa na haja ya kubadilisha maji kila siku. Mwaka 1850 aliisoma ripoti yake mbele ya wakemia wenzake.

Hiyo ndiyo akwariamu kama tunavyoijua. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma, na 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium, na watu wa mjini wakashikwa na wazimu wa matangi. Kila sebule ya wenye pesa ilitaka moja.

Mimi namheshimu Warington sana. Lakini kuna kitu kilipotea hapo. Maelezo ambayo umma ulichukua ni haya: mmea uko kwa tangi ili utoe hewa. Basi. Mmea ukawa mashine. Na shida ya kuitwa mashine ni kwamba siku moja mashine bora itakuja, na wewe utaambiwa uende.

Mashine ilikuja. Karne ya 20, nyumba zikapata stima, na pampu ndogo za hewa na filta zikaanza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikawa kitu cha kila duka la samaki huko Marekani na Ulaya. Pampu inatoa mapovu usiku na mchana, haiozi, haihitaji jua. Mtu akijiuliza, sasa haya majani ni ya nini? Jibu lilikuwa: mapambo. Na kama ni mapambo, si plastiki ni rahisi zaidi? Plastiki haifi. Plastiki unaosha kwa sabuni. Hapo ndipo ule mti wangu wa zambarau ulizaliwa.

Na huo huo muda ndio gapi walikuwa wameenea duniani. Wilhelm Peters, Mjerumani, aliwaeleza kisayansi mwaka 1859 kutoka kwa samaki wa Venezuela. Mwaka 1866 Albert Günther wa London akawapa jina la Robert Lechmere Guppy, aliyempelekea sampuli kutoka Trinidad. Jina la kisayansi lililobaki ni la Peters, lakini sisi mtaani tunaita la Guppy. Kwa hivyo samaki anayezaa watoto wengi kila wiki nne hivi, na anayekula watoto wake, aliingia kwa majumba wakati mimea inatoka. Soko likajibu kwa kuuza kitu kingine: visanduku vya plastiki na vya wavu vya kumfungia mama azalie humo. Yaani walitoa kitu kilichokuwa kinafanya kazi bure, halafu wakakuuzia mbadala.

Mimi nilinunua hicho kisanduku baada ya ule msiba. Mama aligonga gonga kuta siku mbili, akazaa 20 na kitu, na yeye akafa. Sijui kama ni kisanduku kilimuua ama ni kitu kingine. Lakini sikukitumia tena.

Watu wawili ndio walinirudisha kwa mimea, wote kupitia maandishi yao tu.

Wa kwanza ni Takashi Amano, Mjapani wa Niigata, aliyezaliwa 1954 na kuaga 2015. Alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano kabla ya hii mambo, kisha mpiga picha. Vitabu vyake vilivyosambaa miaka ya 1990 vilionyesha matangi yanayofanana na mabonde na misitu, mimea hai kila mahali. Alifanya dunia itamani majani tena. Lakini tuseme ukweli, hayo matangi ni ya wenye nazo: taa kali, gesi ya kaboni kwa mtungi, mkasi wa kupogoa. Na mmea uliporudi, ulirudi kama sanaa.

Wa pili ni Diana Walstad, Mmarekani, aliyetoa kitabu mwaka 1999 kuhusu ikolojia ya tangi lenye mimea. Yeye aliongea lugha ya mtu wa bedsitter. Udongo wa kawaida chini, mchanga juu yake, mimea mingi, dirisha, mashine kidogo. Na akaeleza kitu ambacho kwangu kilikuwa kama taa kuwashwa: mimea mingi ya majini hupendelea kula nitrojeni ikiwa bado amonia, kabla bakteria hawajaigeuza. Amonia ndiyo sumu inayotoka kwa uchafu wa samaki. Kifaranga ana tumbo dogo kama nukta, lazima ale mara nyingi kwa siku. Ukimlisha mara tano, maji yanachafuka mara tano. Mmea unakula huo uchafu wakati yeye anakula chakula.

Basi nikaanza upya. Nilitafuta mmea unaoitwa Ceratophyllum, ule unaofanana na mkia wa paka aliyeshtuka. Si mgeni, unaota hata Naivasha na Ziwa Victoria. Hauna mizizi, unauacha tu uelee. Niliujaza theluthi ya tangi, juu juu, kwa sababu vifaranga wa gapi wakizaliwa hukimbilia juu. Nikaacha ile pampu kali, nikaweka filta ya sponji isiyovuta watoto.

Uzao uliofuata nilihesabu 27 jioni. Asubuhi nilipata kumi na moja nikashtuka. Nikakaa kimya dakika kumi. Wakaanza kutoka kwa majani, mmoja mmoja. Mwisho wa wiki walikuwa 22 na sikuwa nimemtenga mtu yeyote.

Ukichunguza kwa karibu utaona wanafanya nini huko. Kwanza wanajificha, mama hawezi kupenya kwa nguvu pale majani yameshikana. Pili wanachuna chuna. Juu ya kila jani kuna utando mwembamba, bakteria na vijidudu vidogo ambavyo huwezi kuona, na hicho ndicho chakula chao kati ya mlo mmoja na mwingine. Plastiki mpya iliyooshwa kwa sabuni haina hiyo. Tatu, stima ilipopotea usiku mzima, filta ikalala, asubuhi walikuwa hai. Hapa sasa mkumbuke Ingenhousz: usiku mmea hautoi oksijeni, unaitumia. Kwa hivyo haikuwa hewa ya majani iliyowaokoa. Nadhani ni kwa sababu samaki walikuwa wachache kwa maji mengi, na amonia haikuwa imepanda. Usije ukajaza samaki 100 kwa ndoo ukasema niliambiwa majani yanatosha.

Nilimwonyesha babu yangu hiyo video nilipoenda nyumbani Siaya mwezi wa nane. Babu alivua samaki maisha yake yote, sasa macho yamechoka. Aliangalia simu, akacheka, akasema, "Nyakwara, kwa hii ulienda Nairobi?" Akaniambia walipokuwa vijana wazee waliwakataza kupeleka nyavu ndani ya mafunjo, juu huko ndiko watoto wa samaki wanalelewa. Hakuna aliyewaambia mambo ya amonia.

Na hapo ndipo tangi langu lilikuwa dogo ghafla. Kwa sababu Ziwa Victoria lenyewe limepitia kitu kama hiki changu. Miaka ya 1950 mbuta aliletwa ziwani wakati wa ukoloni. Wazo lilikuwa ageuze visamaki vidogo kuwa nyama kubwa. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelipuka, na fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambazo hazipatikani pengine duniani, aina nyingi zikapotea. Si mbuta peke yake, uvuvi wa kupita kiasi na maji kuchafuka vilisaidia. Lakini mbuta alikula.

Wale waliobaki walibaki wapi? Watafiti waliofanya kazi Ziwa Nabugabo, Uganda, ambako pia mbuta aliingizwa, waliona visamaki vidogo vimejibana pembeni, ndani ya mafunjo na majani ya ukingoni. Huko oksijeni ni kidogo. Mbuta ni mkubwa, anahitaji oksijeni nyingi, hawezi kukaa. Mdogo anavumilia. Na kwetu Siaya kuna Ziwa Kanyaboli, ziwa dogo lililotenganishwa na Victoria na kinamasi cha Yala, mafunjo tupu. Huko bado kuna ngege, samaki ambaye kwenye Victoria yenyewe karibu ametoweka kabisa. Babu alikula ngege akiwa mtoto. Mimi nimemwona Kanyaboli tu.

Hicho kinamasi kimekuwa kikikaushwa vipande vipande kwa ajili ya mashamba tangu miaka ya 1960. Najua watu wanahitaji chakula na kazi, mimi pia nahitaji kazi. Lakini kila mara mjadala ukija nasikia neno lile lile: mahali pale ni bure, ni matope, ni msitu wa mbu, pasafishwe. Hilo ndilo neno nililotumia nikiwa nimeshika furushi la majani juu ya ndoo ya taka.

Kuna mtu atakuja kwa maoni aseme, "Na magugu maji je? Si hayo pia ni mimea?" Sawa kabisa, na ni swali zuri. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la dimbwi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria. Mnajua Kisumu iliteseka vipi, boti zimekwama, samaki hawafikiki. Kwa hivyo simaanishi jani lolote mahali popote. Mmea wa mahali pake ni nyumba, mgeni asiye na mpaka ni balaa. Na tafadhali, wewe mwenye tangi, ukipunguza mimea yako usiitupe mtoni au kwa mtaro. Ianike ikauke kabisa, weka kwa mbolea.

Basi msimamo wangu ni huu. Wachina wa Ming waliweka majani kwa mtungi kwa sababu ya watoto. Wazungu wakaja wakaeleza majani kwa hewa, na waliposhika mashine ya hewa wakayatoa. Hawakukosea kuhusu hewa. Walikosea kudhani kitu kina kazi moja kwa sababu ni moja tu waliyoielewa. Mimi nilikosea hivyo hivyo na nikapoteza vifaranga 31. Kanyaboli tukikosea, hakuna mahali pengine pa kwenda kununua ngege.

Wikendi hii ukiosha tangi, acha majani. Futa kioo cha mbele tu kama ni lazima urekodi video. Na kama uko na babu au nyanya aliyekulia karibu na ziwa au mto, muulize watoto wa samaki walikuwa wanakaa wapi. Niandikie hapa chini alichokujibu, nitasoma yote.